Kilimo Hai na "Chakula Hai": Uhakiki wa Istilahi

Istilahi ni chombo cha kuchukulia maarifa. Chombo kikiwa kizima, maarifa hufika kama yalivyotiwa. Kikiwa na ufa, baadhi yake humwagika njiani, na mara nyingine huingia yasiyokuwamo. Katika makala haya tumeonelea tuchunguze kundi dogo la maneno ambalo kwa miaka ya karibuni limeenea madukani, katika vipeperushi vya mabwana shamba, katika matangazo ya redio na hata katika barua za ofisi. Maneno yenyewe ni haya: kilimo hai, chakula hai, chakula asilia, chakula cha ogani, chakula cha kienyeji, na chakula kisicho na kemikali.

Maneno hayo sita hutumiwa aghalabu kana kwamba ni majina ya kitu kimoja, na kana kwamba kitu hicho ni afya. Mwuza duka huandika moja kwenye mfuko wa unga, mwenziwe akaandika jingine kwenye chupa ya mafuta, na mnunuzi huongeza bei kwa yote mawili akiamini kwamba amenunua kinga ya maradhi. Dai letu ni kwamba maneno haya yanataja mambo mbalimbali, na kwamba lililo bora miongoni mwayo, yaani kilimo hai, limeharibiwa kwa kuondolewa mahali pake. Neno hai katika istilahi hiyo ni sifa ya kilimo. Si sifa ya chakula. Mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wakilishika hilo, mengi yatanyoka.

1. Istilahi ilikotoka

Dhana yenyewe si ya kale sana kama isemwavyo. Ni kweli kwamba watu walilima bila mbolea za viwandani kwa maelfu ya miaka, lakini kulima hivyo kwa makusudi, kwa kanuni na kwa jina maalumu, ni jambo la karne ya 20. Albert Howard, mtaalamu wa mimea wa Kiingereza aliyefanya kazi India kwa miaka mingi, alitengeneza katika mji wa Indore utaratibu wa kuozesha mabua, majani na samadi ili kupata mboji. Katika miaka ya 1930 utaratibu huo ulifuatwa hata katika baadhi ya mashamba ya kahawa ya Kenya. Mwaka 1940 Mwingereza mwingine, Lord Northbourne, alichapisha kitabu ambamo alilieleza shamba kuwa ni kama kiumbe kizima: udongo, mimea, wanyama na mkulima ni viungo vyake, na kiungo kimoja kikidhoofu vingine hudhoofu pia. Ni katika fikira hiyo ndimo neno la Kiingereza tulilolitohoa kuwa ogani lilimopatia maana yake ya kilimo. Halikutaja kilichomo katika chakula, bali lilitaja uhai wa shamba zima. Mwaka 1972 vyama vya kilimo cha namna hiyo kutoka nchi mbalimbali viliunda shirikisho lao la kimataifa huko Versailles, Ufaransa.

Katika Afrika ya Mashariki kilimo hicho kilianza kushika mizizi kwa ajili ya masoko ya nje. Wakulima wa pamba wa Meatu, kaskazini mwa Singida, walianza kulima pamba ya aina hiyo mwaka 1994, wakati wilaya yao ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, na baadhi ya kahawa ya Kagera nayo ikauzwa Ulaya kwa sifa hiyo hiyo. Mwaka 2005 wadau wa Tanzania waliunda chombo chao cha pamoja, kijulikanacho kwa kifupi TOAM. Mwaka 2007 kiwango kimoja cha mazao hayo kilipitishwa kwa ajili ya nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na pamoja nacho ikatolewa alama ya kubandikwa kwenye mazao yaliyokaguliwa. Jina la alama hiyo ni Kilimohai.

Kwetu sisi wa fani ya istilahi hilo si jambo dogo. Ni mara chache lugha yetu imetoa jina la kiwango cha biashara linalotumika katika nchi kadhaa kwa pamoja, pasipo kusubiri Kiingereza kitangulie. Jina lenyewe, zaidi ya hayo, limechaguliwa kwa busara. Wafaransa na Wajerumani nao, walipotafuta neno la dhana hii, walichukua shina la Kiyunani limaanishalo uhai. Kilimo hai, kwa hiyo, si tafsiri hafifu ya neno la Kiingereza. Ni jina linalofika kwenye dhana kwa njia iliyo fupi kuliko ile ya Kiingereza chenyewe. Msikilizaji aliyeelezwa mara moja kwamba uhai utajwao hapa ni uhai wa udongo na shamba hatasahau.

2. Kwa nini isiwe ogani

Wapo waandishi wanaopenda kusema kilimo cha ogani na chakula cha ogani, kwa kudhani kwamba neno lililotoholewa ni la kitaalamu zaidi. Tunazo sababu mbili za kulikataa katika maana hii.

Sababu ya kwanza ni kwamba wanabiolojia wetu wamekwisha kulitwaa neno ogani kwa maana ya sehemu ya mwili yenye kazi maalumu, kama vile moyo, ini au figo. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo darasani, akakuta dukani chakula cha ogani, ana haki ya kudhani kwamba anauziwa maini.

Sababu ya pili ni ya kikemia, nayo ina kisa chake. Mwaka 1828 mkemia wa Kijerumani, Friedrich Wöhler, alitengeneza urea katika maabara. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba vitu vya jinsi hiyo hutokana na miili ya viumbe tu, kama vile urea ipatikanavyo katika mkojo. Wöhler alionyesha kwamba mkono wa mwanadamu unaweza kuitengeneza bila figo ya mnyama yeyote. Mpaka leo mkemia huihesabu urea katika kundi la ogani, kwa sababu ni msombo wenye kaboni. Lakini urea hiyo hiyo ndiyo iuzwayo katika mifuko ya mbolea, na mkaguzi wa kilimo hai akiikuta ghalani mwa mkulima ataliondoa zao lake katika orodha. Basi kitu kimoja ni ogani kwa mkemia na ni mwiko kwa mkulima wa ogani. Waingereza wamelizoea tatizo hilo kwa kuwa neno ni lao na historia ni yao. Sisi hatuna sababu ya kuagiza tatizo ambalo lugha yetu haina.

Tena lugha yetu si maskini katika uwanja huu. Wakulima wetu hutofautisha mbolea za chumvichumvi, ambazo wengine huziita mbolea za dukani, na samadi, mboji, mbolea vunde na mbolea ya majani mabichi. Mmea wa jamii ya kunde upandwao ili kurutubisha ardhi huitwa marejea, jina lenye shina la kurejea, kwa kuwa huirejeshea ardhi rutuba yake. Hilo ni jina lifundishalo. Mwalimu wa kilimo aliye na maneno hayo hana haja ya kukopa.

3. Kienyeji, asilia na hai: mfano wa Ulemo

Ulemo ni kata ya Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, katika nchi kavu ya kati ipatayo mvua ya msimu mmoja kwa mwaka. Watu wake hulima mtama, uwele, mahindi na alizeti, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Kwa mlaji wa Dar es Salaam jina la Singida huenda pamoja na kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti na asali, navyo vyote huhesabiwa kuwa ni vyakula asilia. Ndiyo sababu tunaichukua Ulemo kuwa mahali pa kupimia maneno haya: dukani mjini yanaelea, lakini shambani hayana budi kusimama.

Tuwaze wakulima wanne wa mtama na mahindi, ambao kila mmoja anaweza kuonekana katika kata kama hiyo. Wa kwanza hatii mbolea yoyote, kwa kuwa hana fedha za kununua wala ng'ombe wa kutosha. Ardhi yake imechoka na mavuno yake hupungua. Wa pili hutia samadi na mboji, huchanganya mtama na kunde, hugeuza mazao mwaka hadi mwaka, lakini hakuna aliyepata kumkagua. Wa tatu hufanya kama wa pili, ila amejiunga na wenzake katika kikundi kinachokaguana kwa utaratibu uliokubaliwa, hutunza daftari la shamba, na kwa hiyo wanaweza kupewa ruhusa ya kuitumia alama ya Kilimohai. Wa nne hununua mbolea ya chumvichumvi na kiuatilifu, huvitumia kwa kipimo alichoelekezwa na bwana shamba, na husubiri siku zilizotajwa kabla ya kuvuna.

Lugha ya matangazo huwaita watatu wa kwanza kwa jina moja, chakula asilia, na wa nne humwita mwenye kuuza sumu. Lakini tazama tofauti iliyofunikwa. Wa kwanza halimi kilimo hai. Analima kilimo cha kukosa, na kukosa si kuchagua. Kiwango cha kilimo hai hakiridhiki na orodha ya visivyotiwa tu. Kinamtaka mkulima ailishe ardhi yake. Mtu anayeichukulia ardhi mavuno kila mwaka asiirudishie kitu ameuondoa uhai wa shamba, hata kama mikono yake haijagusa mfuko wa mbolea ya kiwandani. Wa pili analima kilimo hai kwa vitendo lakini hawezi kukidai sokoni. Wa tatu anaweza kukidai. Na wa nne hauzi sumu. Anauza zao la kilimo cha kawaida ambalo, likipimwa, huenda likawa salama kabisa.

Hasara ya mchanganyiko huu humwangukia mkulima wa pili na wa tatu. Maadamu kila mfuko waweza kuandikwa asilia pasipo ushahidi, kazi yao ya miaka mingi haina thamani kuliko kalamu ya mchuuzi. Neno lililochakaa halimlipi aliyelifanyia kazi.

Neno kienyeji nalo lahitaji uangalifu. Limetokana na mwenyeji, na wakati wa ukoloni lilitumiwa mara nyingi kwa dharau: dawa za kienyeji, mambo ya kienyeji, yaani yasiyofikia daraja ya kizungu. Leo limepanda cheo, hasa kwa sababu ya kuku. Kuku wa kienyeji huuzwa kwa bei ya juu kuliko kuku wa kisasa, na walaji husifu ladha na ugumu wa nyama yake. Sisi twafurahi neno lililodharauliwa likipata heshima. Hata hivyo neno hili hutaja asili ya kuku na namna ya kufugwa kwake. Halisemi amekula nini. Kuku ajitafutiaye chakula hupekua jalala kama apekuavyo shamba. Vilevile kuku aliyepewa chanjo ya mdondo, ugonjwa uwezao kumaliza kuku wa kijiji kizima, hapotezi ukienyeji wake. Kuna wafugaji wanaoogopa chanjo kwa kudhani kwamba itamwondolea kuku uasilia na bei. Hapo neno limekwisha kuwa adui wa mfugaji.

4. Kemikali, dawa na sumu

Tangazo lipendwalo kuliko yote ni lile lisemalo kwamba chakula fulani hakina kemikali. Kwa maana halisi ya neno, chakula cha namna hiyo hakipo duniani. Maji ni kemikali, chumvi ya mezani ni kemikali, na sukari iliyomo katika embe ni kemikali. Msemaji anakusudia kusema kwamba hakutumia mbolea za viwandani wala viuatilifu vya viwandani; na kama ndivyo anavyokusudia, maneno ya kusema hivyo yapo.

Wala si kweli kwamba katika kilimo hai hakuna kinachopuliziwa. Pareto, zao la nyanda za juu kusini mwa nchi yetu, hutoa kiua wadudu kinachokubaliwa katika kilimo hai kwa sababu hutokana na ua. Mwarobaini hutumika hivyo hivyo. Mrututu, yaani chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, umetumika kwa muda mrefu dhidi ya magonjwa ya ukungu, na viwango vingi vya kilimo hai huruhusu dawa za shaba kwa kiasi maalumu, ingawa shaba ikizidi huudhuru udongo. Kutoka katika mmea hakukifanyi kitu kuwa salama, na kutoka kiwandani hakukifanyi kuwa sumu. Linaloamua ni kitu chenyewe, kipimo chake na namna kitumikavyo. Mkulima yeyote ajuaye tofauti ya muhogo mtamu na muhogo mchungu amekwisha kulielewa somo hili bila ya kufundishwa na mtu wa maabara.

Kosa la upande wa pili ni neno dawa. Mkulima husema amepiga dawa shambani, na kwa neno hilo hilo humtaja daktari aliyemtibu mtoto wake. Lugha inayoita sumu kwa jina la uponyaji humfanya mtu apulizie bila kinga, na debe la sumu lililokwisha hugeuzwa kuwa chombo cha maji. Hapa istilahi imekwisha kutoa msaada: kiuatilifu, lililoundwa kwa kuua na tilifu, yaani kuharibu. Neno hilo limeingia hata katika sheria, kwani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania imeundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kwa hiyo umma umebaki kati ya maneno mawili mabaya: kemikali, litishalo kwa kila kitu, na dawa, lisilotisha hata panapostahili.

Mfano wa istilahi iliyofanikiwa ni sumukuvu. Neno hili lataja sumu itolewayo na kuvu waotao kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zisizokaushwa au kuhifadhiwa vema. Mwaka 2016 sumukuvu iliwashambulia watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote inapakana na Singida, na watu wapatao 20 walifariki. Chakula kilichowaua hakikutoka kiwandani. Kilikuwa chakula cha nyumbani, kilicholimwa na kuhifadhiwa kama ilivyozoeleka. Kwa lugha ya matangazo kingestahili kuitwa asilia kwa kila hali. Neno sumukuvu humwambia mkulima mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba kuna sumu, na kwamba imetokana na kuvu. Neno asilia, likitumiwa kama dhamana ya usalama, humwambia asiogope.

Jambo kama hilo limetokea hata katika nchi zenye ukaguzi mkali. Mwaka 2011 huko Ujerumani bakteria waliokuwa katika machipukizi ya mbegu waliwaambukiza watu karibu 4,000 na kuwaua zaidi ya 50. Uchunguzi uliishia kwenye mbegu za uwatu kutoka Misri, na shamba lililochipusha mbegu hizo lilikuwa la kilimo hai. Hatusemi kwamba kilimo hai ndicho kilicholeta bakteria hao. Wangeweza kuingia katika machipukizi yoyote. Tunasema kwamba hai na salama ni maneno mawili, na kila moja lina mkaguzi wake. Katika Tanzania Bara kazi ya usalama wa chakula iko, tangu mwaka 2019, chini ya Shirika la Viwango Tanzania, nayo haifanywi na alama ya Kilimohai.

5. Faida zidaiwazo

Je, ni nini kijulikanacho juu ya faida za vyakula hivi kwa mlaji? Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikusanya tafiti zaidi ya 200 na kuzilinganisha. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba mazao ya kilimo hai yana virutubisho zaidi kuliko mengine. Walipata kwamba huwa na masalia machache zaidi ya viuatilifu. Mwaka 2014 wataalamu wengine, wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitumia machapisho 343 na kukuta kwamba mazao hayo yana kiasi kikubwa zaidi cha baadhi ya viambato vya mimea vinavyosadikiwa kuwa na manufaa, na kiasi kidogo zaidi cha kadmi, ambayo ni metali yenye madhara. Kuwapo kwa viambato hivyo katika zao, hata hivyo, si sawa na mlaji kuwa na afya bora.

Kuhusu saratani, uchunguzi wa wanawake wapatao 600,000 wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2014, haukuona kwamba walao vyakula vya kilimo hai hupatwa na saratani kwa ujumla kidogo kuliko wengine. Uchunguzi wa Ufaransa wa watu wapatao 69,000, uliotangazwa mwaka 2018, uliona upungufu wa kama robo kwa wale walao zaidi vyakula hivyo. Lakini watu hao pia walikuwa na kipato kikubwa zaidi na mwenendo bora wa maisha, na ni vigumu kujua ni kipi hasa kilichowakinga. Mtafsiri aliyekabidhiwa maneno hukinga saratani, kwa hiyo, amekabidhiwa dai ambalo wataalamu wenyewe hawajalithubutu. Na mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu aambiwaye kwamba chakula hai chatosha, akaacha vidonge vyake, hatadhurika kwa chakula. Atadhurika kwa neno.

Isidhaniwe kwamba tunakibeza kilimo hai. Faida zake zilizo wazi ni kubwa, ila nyingi ziko shambani kuliko sahanini. Mkulima na watoto wake hawavuti mvuke wa viuatilifu vikali. Udongo uliolishwa mboji hushika maji, jambo lenye uzito katika nchi kavu kama Iramba. Samadi ya zizini hupata kazi, na fedha ya mbolea hubaki nyumbani. Wakazi wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, walijulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe zizini na kuitunza ardhi yao finyu kwa samadi, kabla ya kuwapo kiwango wala alama. Faida hizo zahitaji miaka na maarifa, hazipatikani kwa amri. Sri Lanka ilipopiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla mwaka 2021, mavuno ya mpunga yalishuka, na marufuku hiyo ikaondolewa kabla ya mwaka kwisha.

Yote hayo yanalirudisha neno mahali pake. Uhai unaotajwa ni wa udongo, wa shamba na wa kazi ya mkulima. Ukiuhamishia kwenye chakula, umemwahidi mlaji usichoweza kumpa, na umemnyang'anya mkulima alichokifanya.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, twapendekeza yafuatayo kwa watafsiri, walimu na maofisa wanaoandika lebo, vipeperushi na nyaraka.

(a) Kilimo hai liandikwe kwa maneno mawili, likiwa jina la dhana. Kilimohai, neno moja lenye herufi kubwa, liachwe liwe jina la alama ya Afrika Mashariki peke yake. Maandishi ya kilimo-hai, yenye kistari, hayana faida yoyote. Mwandishi wa Kilimanjaro ajihadhari pia na herufi kubwa katikati, asije akamfanya msomaji afikiri kwamba ni kilimo cha Wilaya ya Hai.

(b) Neno kilimo lisiondolewe mbele ya hai. Tuseme zao la kilimo hai, unga wa kilimo hai, chakula cha kilimo hai. Chakula hai, unga hai na mafuta hai yaachwe.

(c) Ogani libaki kwa wanabiolojia na wakemia.

(d) Kienyeji litumike kwa asili na namna ya ufugaji au ulimaji wa mahali; asilia litumike kwa kitu kisichoghushiwa wala kuchanganywa, kama asali asilia. Lolote kati ya hayo mawili lisitumike kama dhamana ya afya.

(e) Badala ya kisicho na kemikali, mwandishi aseme anachokijua: kimelimwa bila mbolea za chumvichumvi wala viuatilifu vya viwandani.

(f) Katika maandishi ya ugani, kiuatilifu kichukue nafasi ya dawa, na kila lebo itaje muda wa kusubiri kabla ya kuvuna kwa maneno hayo hayo.

(g) Salama na lishe yawe maneno ya kujitegemea, yatumike pale tu ilipopimwa.

Tuchukue mfano mmoja. Lebo ya mfuko wa unga ingeweza kusema: Unga hai wa mtama, asilia, hauna kemikali, hujenga mwili na hukinga maradhi. Kwa mapendekezo haya itasema: Unga wa mtama wa kilimo hai, uliolimwa Ulemo, Iramba, na kukaguliwa kwa kiwango cha Afrika Mashariki. Lebo ya pili ni fupi, haimwahidi mtu uponyaji, na kila neno lake laweza kuthibitishwa na mtu atakayefunga safari kwenda kuuliza. Aidha imemtaja mtu ambaye ile ya kwanza ilimsahau, yaani mkulima na mahali pake.

Mapendekezo haya si sheria, na baraza halitungi maneno peke yake. Wasomaji walio wilayani, hasa walimu wa kilimo na mabwana shamba, wanaombwa watuletee majina yatumiwayo na wakulima wao kwa aina za mboji na samadi, kwa ardhi iliyochoka na ardhi iliyopumzishwa, na kwa mimea ya kurutubisha udongo. Orodha ya maneno hayo itachapishwa ili ijadiliwe kabla ya kusanifiwa.